Mwalimu na Nyasi Zilizolala

Mwalimu alivaa sari na mabuti ya mpira, vyote kwa pamoja, joto au baridi, na ukimtazama miguuni zaidi ya mara moja alikuuliza kama umeangusha kitu pale chini.

Alizaliwa lini na kwa nani, hayo tumwachie mwanawe. Mimi namjua yule wa upande wa pili wa ua wa mbao, pale Queensbury, London, ambaye kwa miaka karibu tisa nilimwamkia asubuhi nikienda kazini na jioni nikirudi. Alikuwa Mhindi wa Dodoma. Huko alifundisha jiografia shule ya msingi mpaka walipohamia Uingereza. London hakushika chaki tena hata siku moja, alishona mapazia kiwandani hadi akastaafu, lakini ualimu haukumtoka. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata wale wasiojua neno lenyewe lina maana gani.

Tulivyojuana ni aibu kidogo. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nina wiki moja tu London, kidato cha pili changu mkononi na ndoto nyingi kichwani. Nilipanga chumba cha juu kwa mama mmoja wa Tanga. Siku hiyo anatoka kwenda kazini akaniambia, "Binti, ukipata nafasi nisafishie huko mbele." Mimi ni mtu wa Korogwe. Kwetu uwanja safi ni ule uliofagiliwa mpaka alama za ufagio zikaonekana. Nyasi karibu na nyumba ni nyoka na uvivu. Na shuleni nyasi zilikuwa adhabu: ukichelewa mstarini, unapewa kwanja, unafyeka mpaka kengele ya saa nne. Basi nikatafuta jembe kibandani, nikakwangua nyasi zote za yule mama, mizizi na kila kitu, nikafagia. Kufika adhuhuri uwanja umetakata, hauna hata jani. Nikasimama mikono kiunoni, nimejiridhia.

Sauti ikatoka juu ya ua, kwa Kiswahili safi kabisa: "Binti, mna msiba?"

Nikageuka. Bibi wa Kihindi, miwani, mabuti.

"Hapana, mama. Shikamoo. Ninasafisha."

"Marahaba. Unasafisha au unanyoa?"

Halafu akaanza kucheka. Alicheka ameushika ua kwa mikono miwili, miwani ikateleza hadi ncha ya pua, machozi yakamtoka. Nami sikujua kinachochekesha, lakini kicheko chake kilikuwa cha kuambukiza, nikacheka pia. Alipopata pumzi alisema, "Kwa ufagio, saba. Kwa nyasi, sifuri. Njoo unywe chai kabla mwenye nyumba hajarudi, maana baada ya hapo hutakuwa na hamu."

Mama mwenye nyumba aliporudi alishika kichwa. Aliyenitetea ni Mwalimu, aliyekuja na mfuko wa mbegu chini ya kwapa. "Amefanya alivyofundishwa," alisema. "Sasa atafundishwa upya."

Ndivyo nilivyoandikishwa darasa la kwanza la nyasi, mtu mzima na ajira yangu ya kusafisha ofisi.

Kutoa alama ulikuwa ugonjwa wake. Chai yako aliipa alama. Mtoto akipita na baiskeli bila kuamkia, alama. Mleta barua, kijana wa Kiingereza mwenye mapaja mekundu, alifundishwa shikamoo kwa subira ya miezi mitatu, na tangu hapo kila asubuhi alipaza sauti kutoka getini, "Shikamuu, Mwalimu!" Naye alijibu, "Marahaba, mwanangu, nne juu ya kumi," akampa bilauri ya maji. Zaidi ya saba sikusikia akimpa mtu. Nilimuuliza kwa nini. "Nikimpa kumi kesho atakuja kufanya nini hapa?"

Nyasi zake zenyewe hazikuwa kubwa. Hatua kumi na mbili kwa nane, mbele ya nyumba, kati ya ukuta mfupi na dirisha la sebuleni. Wala hazikuwa nzuri kwa macho ya mtaa. Wengine walizinyoa zao kama kichwa cha askari. Za Mwalimu ziliachwa ndefu, urefu wa kidole chake cha shahada, na alipima kweli, anainama anachomeka kidole. Mashine yake ilikuwa ile ya kusukuma kwa mkono, inayotoa sauti kama mtu anayekata kitambaa. Alichokata alikiacha palepale. "Hizo ni nguo zao za zamani," alisema. "Kwa nini nizinyang'anye?"

Mambo hayo aliyatoa Dodoma. Shuleni kwake kulikuwa na kipande cha ukoka mbele ya mlingoti wa bendera, naye ndiye aliyekabidhiwa, katika mji ambao mvua ikinyesha mara mbili mfululizo watu wanaulizana kulikoni. Wanafunzi walileta maji kutoka nyumbani, kila mtoto na kidumu chake. Wale waliotangulia kukitunza walimwagia kidogo kidogo kila siku, na ukoka ulikuwa wa manjano mwaka mzima. Mwalimu alibadilisha utaratibu. Vidumu Ijumaa tu, alfajiri, vyote mara moja, mpaka ardhi ishibe. Siku nyingine sita, hakuna hata tone.

"Ukiyamwaga maji juu juu," aliniambia, "mizizi inakuja juu kuyafuata, kama watoto wanaosikia mlio wa sahani. Jua likija linaikuta hapo mlangoni. Ukiyamwaga mengi, mara moja, yanashuka, na mizizi inashuka nayo. Huko chini jua halina mkono."

"Na maji yakiisha kabisa, Mwalimu?"

"Zinalala."

"Zinakufa."

"Nimesema zinalala. Umesikia nani kafa kwa kulala? Vuta."

Alinivutisha nyasi mara ngapi! Unashika fumba moja la majani, unavuta kwa mkono mmoja. Zikishika ardhi, hata zikiwa kavu kama ufagio wa chelewa, zimelala. Zikitoka nzima nzima, zimekufa. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake, na hakuna kingine alichokikubali.

Usidhani kwa hayo alikuwa mtu wa subira. Nyasi angezisubiri miezi, lakini basi likichelewa dakika nne aliondoka kwa miguu, na likampita njiani, na akalipungia fimbo. Birika halijachemka anafunua kifuniko kulichungulia. Maji aliyahesabu kwa kijiko: ya kuoshea mchele yalikwenda kwenye waridi, ya mvua yaliteremka kutoka paani hadi kwenye pipa la bluu, na ole wako uache bomba linatiririka ukisugua kikombe. Lakini sukari aliitia kama mtu anayepanda mbegu. Aliniambia mara nyingi nipunguze maneno, na akinikuta kimya aliuliza kama naumwa.

Mimi maneno yangu yalikuwa ndoto. Nilimsimulia akisukuma mashine, nikitembea pembeni yake. Nitafungua mgahawa, Mwalimu, wenye nyasi mbele, mama wanakula na watoto wao wamelala chini wanatazama mawingu. Wali wa nazi, samaki, na hakuna mtu atakayeambiwa aondoke.

"Utafungua," alisema. "Lakini sasa nyamaza, unanipindishia mstari."

Hakuwahi kunicheka kwa ndoto zile. Alinicheka kwa mengine yote.

Sasa nije kwa mwanawe. Alikuja kila Jumapili na gari lake, mtu mwema, mnene kidogo, anayempenda mama yake kwa kumpigia kelele. Mwaka mmoja Mwalimu aliteleza kwenye umande, nyonga ikaanza kulalamika, na kijana akapata wazo ambalo nusu ya mtaa ilishalitekeleza: kung'oa nyasi, kutandaza matofali ya sementi, gari liegeshwe mbele ya nyumba. Waligombana kwa Kigujarati, na mimi upande wangu wa ua nilijua hayo hayanihusu. Walipohamia Kiswahili nilijua ninatafutwa niwe shahidi.

"Mama, utaanguka tena!"

"Kwenye nyasi nimeanguka nikaamka. Kwenye sementi ningeamka?"

"Na gari je? Naegesha mtaa wa tatu."

"Gari lina miguu minne, we una miwili, na mbona mimi ndiye ninayeambiwa nisitembee? Binti, unamsikia huyu?"

"Namsikia, Mwalimu."

"Dada, na wewe usimtie ujinga," alisema mwanawe, lakini kwa kucheka.

Basi ikaja ile miaka ambayo mvua ilituonea choyo, na kiangazi kimoja kampuni ya maji ikapiga marufuku mipira ya kumwagilia bustani. Mtaa mzima uligeuka rangi ya chapati. Mleta barua alisema hajaona kitu kama kile tangu azaliwe. Mwalimu alimwambia azaliwe tena Dodoma. Mwalimu mwenyewe hakushughulika. Alikunja mikono, akazitazama nyasi zake zikigeuka manjano, kisha kahawia, akasema, "Laleni salama." Maji ya pipa aliyaweka kwa ajili ya waridi.

Katikati ya joto hilo ndipo hospitali ilipomwita kubadilishwa nyonga. Jumapili ya kabla ya kwenda, mwanawe alisimama katikati ya zile nyasi kavu, zikilia chini ya viatu vyake.

"Mama, hizi zimekufa. Tumalize. Ukitoka hospitali ukute matofali, utembee vizuri na fimbo."

"Zimelala."

"Umelala nazo?"

Nyonga ilikuwa inamuuma Mwalimu siku ile, uliona namna alivyoegemea ukuta. Halafu akasema, "Haya. Nikirudi, vuta mbele yangu. Zikitoka, tandaza matofali mpaka chini ya kitanda changu, sitasema neno. Zikishika, hili jambo usinitajie tena mpaka nife."

Wakapeana mikono kama wauza ng'ombe.

Ufunguo aliniachia mimi, na daftari la shule lenye maagizo. Barua zikusanywe. Waridi lipate maji ya pipa Ijumaa alfajiri. Na kwenye ukurasa wa peke yake, kwa herufi kubwa za ubaoni: NYASI USIZIMWAGILIE. ROHO IKIKUUMA, KUNYWA CHAI.

Wiki ya kwanza nilitii. Wiki ya pili nilitoka kumtazama hospitali. Alikuwa mdogo mno kitandani, bila mabuti, nywele hazijafungwa. Aliniuliza, "Wanaendeleaje?" kama anauliza watoto. Nikasema wazima. Nikarudi Queensbury na jua la jioni, nikafungua geti, nikaziona zile nyasi, na niseme nini? Zilikuwa kama yeye. Nilichukua bakuli la maji niliyooshea mchele, nikamwaga karibu na geti, pembe moja tu, pa kulala mtoto. Kesho yake nikamwaga tena. Siku ya tano pakaota ukijani. Mdogo, kama ndevu za kijana. Nilifurahi nikaimba jikoni. Nilijiona nimewapita wote akili: Mwalimu anarudi, kijana anavuta, anakuta kijani.

Kisha joto likazidi, na kazini wawili wakaumwa, nikapigwa shifti mbili mbili kwa siku nne. Sikupika, sikuosha mchele, nilirudi nikadondoka kitandani. Siku ya tano nilipotoka kutazama, ile pembe ilikuwa imegeuka kijivu. Si kahawia kama kwingine. Kijivu. Nikachuchumaa nikavuta. Fumba lote likanijia mkononi, jepesi, na mizizi mifupi kama nywele za kwenye kitana.

Siku tatu baadaye Mwalimu akarudi.

Mwanawe alimshusha garini kwa uangalifu kama anashusha kioo. Mimi nilikuwa dirishani kwangu juu, nimejificha nyuma ya pazia alilonishonea yeye. Kijana alimfungulia geti, akamsimamisha na fimbo zake mbili, akasema kwa upole kabisa, "Mama, tusichelewe. Tuvute, uingie ndani upumzike." Akainama palepale alipokuwa. Getini.

Zikatoka.

Akavuta tena. Zikatoka. Hakushangilia, tena alionekana kuumia. "Mama," alisema, "si ulisema mwenyewe?"

Mwalimu alitazama mkono wa mwanawe, ile michirizi ya vumbi inayodondoka. "Ahadi ni ahadi," alisema. "Waite mafundi."

Nilikuwa na ngazi kumi na tatu za kushuka, na katika kila moja nilitafuta uongo wa kufaa. Nilipofika nje nilikuwa sina hata mmoja.

"Mwalimu, shikamoo. Ni mimi."

"Marahaba. Najua ni wewe, nyonga ndiyo iliyobadilishwa, siyo macho."

"Ni mimi niliyeziua. Nilimwagilia."

Akanigeukia pole pole, fimbo moja, fimbo ya pili.

"Ulimwagilia nini?"

"Maji ya mchele. Bakuli."

"Kila siku?"

"Kila siku. Halafu nikapata shifti, nikaacha. Zilianza kuota, Mwalimu, nilidhani..." Nikaanza kulia, mtu mzima, mbele ya mtaa. "Ziliniuma roho."

"Chai ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Sukari?"

"Ilikuwepo."

"Sifuri," alisema Mwalimu. "Zilikuwa zimelala na akiba yao. Umeziamsha, zimetumia akiba kuota majani, halafu umezifungia mlango. Hata mimi ungeniua hivyo." Nami nikajua ndiyo basi, nimepoteza nyasi zake na nimempoteza yeye. Lakini alikuwa bado anasema, na sauti ilikuwa inapanda, ile sauti ya ubaoni. "Ulimwagilia wapi? Nionyeshe mpaka."

"Hapa tu. Kutoka geti hadi hapa."

"Kule?"

"Kule sikugusa."

Mwalimu aliinua fimbo moja, akamnyooshea mwanawe. "Umesikia? Umevuta pale palipobembelezwa. Nenda ukavute pale palipoachwa."

"Mama, ni kahawia vilevile."

"Vuta!"

Akaenda katikati, akashika fumba, akavuta kwa mkono mmoja. Hazikutoka. Akakaza. Akashika kwa mikono miwili, akapanua miguu, uso ukaiva, na nyasi zikakatika juu kwa ghafla, mizizi ikabaki ardhini, yeye akaenda chini kwa makalio na suruali yake ya kutokea. Mleta barua, aliyekuwa akipita na gunia lake, alisimama kutazama.

"Shikamuu," alisema kwa heshima.

Mwalimu alicheka mpaka tukamshika pande mbili asianguke. Mwanawe alikaa palepale chini anapangusa mikono, akitikisa kichwa, na mwisho akacheka naye. Matofali hayakutajwa tena. Gari liliendelea kulala mtaa wa tatu.

Mvua zilikuja baadaye, mbili za usiku na moja ya mchana, na hazikupita wiki mbili nyasi ziliamka zote kwa pamoja. Zote isipokuwa ile pembe ya getini, iliyobaki kama upara. Nilitaka kununua mbegu, akakataa. Alinifundisha kukata vipande vidogo pembeni mwa zile nyingine, saizi ya andazi, pamoja na udongo wake, na kuvipandikiza. Alikaa kwenye kiti akisimamia. "Sasa hizi ni zako," alisema. "Kila atakayeingia kwangu atakanyaga kosa lako kwanza." Na alisema hivyo kwa furaha kubwa.

Mwaka uliofuata nilihamia Lewisham, upande wa kusini wa jiji. Nilipata kazi ya kutunza wazee, na chumba cha chini chenye mlango wa nyuma na kipande cha udongo kama mkeka wa watu wawili. Si mgahawa, lakini ni udongo. Kutoka huko hadi Queensbury ni safari: treni ndogo isiyo na dereva, halafu treni nyingine mpaka karibu na mwisho. Nilikwenda kila nilipoweza, kisha nikaanza kwenda kila nilipokumbuka. Si jambo la kujivunia.

Mara ya mwisho kumkuta pale kwake ilikuwa siku ya joto. Nilimkuta amekaa nje kwenye kiti, sari ya bluu, mabuti. Fimbo ilikuwa moja. Macho yalikuwa yamepungua. Alinitambua kwa sauti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekanyaga?"

Nikatazama chini. Nilikuwa nimesimama getini, juu ya ile pembe. Ilikuwa imejaa, kijani chake kimezidi kidogo cha kwingine, ukijua pa kutazama.

"Vuta," alisema.

Nikachuchumaa, nikashika fumba, nikavuta. Zikashika. Nikavuta tena kwa ajili ya kusikia tu zinavyoshika.

"Nane," alisema Mwalimu. Sikuwahi kusikia nane pale. Sikujua niweke wapi uso wangu.

Tulikunywa chai yenye sukari ya kutosha watu sita. Aliniuliza habari za mgahawa, kama anauliza mtu aliye njiani anafika. Nilipoaga alinituma kisu cha jikoni, akaniamuru nikate kipande saizi ya andazi kutoka ile pembe yangu, akakifunga mwenyewe kwenye gazeti lililoloweshwa, vidole vinatafuta mikunjo.

"Ukifika, chimba, mwaga ndoo nzima, panda. Halafu uiache mpaka Ijumaa. Umenisikia? Hata ikikuita jina."

"Nimesikia, Mwalimu."

Nilikibeba mapajani treni zote mbili. Nilipanda jioni ileile, ndoo nzima, kama alivyosema. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumatano joto lilizidi, nikarudi kutoka kazini, nikafungua mlango wa nyuma, nikaikuta imelegea, majani yamekunjika, peke yake katikati ya ule udongo. Bakuli la maji ya mchele lilikuwa mezani. Nililitazama. Niliitazama nyasi. Roho ikaniuma kweli kweli.

Nikainjika birika, na kabla halijachemka nikafunua kifuniko kulichungulia.